Mama Mkubwa na Bajaji Isiyo na Moshi

Tangu nirudi kutoka Mikumi, kibanda changu cha cherehani hakijawahi kupata wateja wengi namna hii. Tatizo ni kwamba hawana kazi. Mmoja analeta suruali ambayo haijachanika, mwingine anataka nimpunguzie gauni linalombana tayari, na wote wakishakaa kwenye benchi wanauliza swali lile lile: "Hivi mama Tito, ni kweli mama yako mkubwa aliikataa bajaji katikati ya pori?" Nimesimulia hadi naanza kujichanganya. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Atakayekuja na suruali nzima nitampa karatasi hizi asome, aniache nishone.

Kwanza niseme nilifuata nini. Mama yangu mzazi alifika Kilosa akiwa bibi harusi, ameolewa na kijana aliyekuwa anakata mkonge. Dada yake, mama mkubwa Agata, alibaki milimani upande wa Mahenge. Sasa mama hayupo, wajomba hawapo, amebaki yeye. Na kilima alichozaliwa kimekutwa na kinywe, yale madini meusi yanayopaka mikono kama risasi ya penseli, hivyo watu wa pale wamehamishwa. Wamejengewa nyumba sehemu nyingine. Nyumba nzuri, ya bati, sitaki kusema uongo. Lakini yumo peke yake, na magoti yameanza kumgomea.

Nilimwomba kwenye simu aje akae na mimi. Akajibu, "Nitakuja kuangalia." Hakusema atakaa. Mimi nilitaka akae. Nilitaka kwa moyo wote, maana hapa duniani hakuna mwingine aliyebaki anayeniita mtoto.

Shida ilikuwa mwanangu Tito. Tito ana bajaji ya umeme, na anavyoisifu utadhani aliizaa. Siku moja katika kujisifu kwake aliniambia kwamba betri ya vyombo hivi hutengenezwa kwa madini mbalimbali, na mojawapo ni kinywe. Nikaona hapo hapo mambo yanavyoharibika. Siku ya kwenda kumpokea bibi yake nikampa onyo.

"Bibi yako asisikie neno betri."

"Akiuliza inatumia nini?"

"Mwambie inatumia umeme. Umeme hauna kwao."

Alicheka, lakini aliahidi. Tito ana moyo mzuri. Mdomo ndio hauna breki.

KILOSA HADI ULAYA

Tuliondoka asubuhi, chombo kimechajiwa usiku kucha hadi mita ya nyumbani ikanitia wasiwasi. Kama hujawahi kupanda bajaji ya umeme, nikueleze kitu kimoja: unasikia kila kitu. Unasikia ndege, unasikia maji ya mfereji, unasikia watu. Tuliwapita akina mama wawili wenye ndoo kichwani wakimsema mtu ninayemfahamu, na walikuwa ndio wanafika kwenye utamu. Hawakujua kama kuna chombo nyuma yao. Nilimwambia Tito apunguze mwendo, akakataa, akasema huo ni umbea. Hadi leo sijui yule mtu alifanya nini baada ya kuondoka kwa shemeji yake.

Barabara ilikuwa na mashimo sehemu nyingine, na sehemu nyingine imelainishwa vizuri. Mbuzi ndio walitusumbua. Wamezoea kukimbia wakisikia injini, sasa hawasikii kitu, wanakuangalia tu. Tito alilazimika kushuka mara kwa mara kuwaswaga kwa mkono. Mfugaji mmoja mwenye shuka jekundu alisimama na fimbo yake akamtazama akihangaika, kisha akamwuliza kwa upole kama hicho chombo kimeharibika.

"Hakijaharibika," Tito alisema. "Ndivyo kilivyo."

"Pole sana," akajibu yule mfugaji.

Ulaya, kijiji cha huku kwetu Kilosa na si kule kwa wazungu, ndiko tulikopata aibu yenyewe. Pale kuna mteremko kabla ya kufika kwenye maduka, na vijana wa bodaboda wamekaa kwenye kijiwe chao upande wa chini. Wakaona bajaji inashuka kimya, dereva ametulia, mama mtu mzima amejishikilia nyuma. Kwa hesabu yao, injini imezima na tunajitahidi kuutumia mteremko tufike kwa fundi. Wakasimama wote. Kabla Tito hajafungua mdomo wameshatushika nyuma na ubavuni, wanasukuma, wanaimba kabisa, "Twende, twende!" Tito anapiga kelele kwamba ni nzima, wao wanamwambia aachie breki. Tulipitishwa dukani nilikotaka kununua maji, tukapitishwa kwa muuza mihogo, tukaja kuachwa mbele ya fundi pikipiki. Wakafuta jasho wakaomba soda.

Niliwanunulia. Watu wamesukuma kwa moyo safi, utawaambiaje? Ila fundi alipoambiwa kwamba ni ya umeme akaizunguka, akainama akatafuta ekzosi, hakuiona.

"Hii haina moshi?"

"Hata kidogo," Tito akasema, kifua mbele. "Haichafui mazingira."

"Moshi wake uko huko umeme unakotoka."

"Umeme wetu mwingi ni wa maji."

"Na hayo maji," akadakia kijana mmoja aliyetusukuma, "yalikuwa yanapita kwenye mashamba ya nani kabla hayajazuiwa?"

Walibishana hadi soda zikaisha. Mimi nilikula mihogo ya kuchemsha na pilipili, nikawasikiliza. Kila aliyesema niliona ana haki kiasi, jambo ambalo huwa linanichosha sana katika mabishano.

KWENYE MASHINE YA KUSAGA

Mbele kidogo ya Ulaya Tito alianza kuangalia kioo chake kwa jicho ambalo mama yeyote analijua. Chaji ilikuwa inashuka haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu ya vilima na, kama alivyosema yeye bila adabu, kwa sababu ya uzito wa abiria. Tukaingia kijiji cha kwanza chenye nguzo za umeme, tukaelekezwa kwenye mashine ya kusaga.

Mwenye mashine ni bi Zuhura, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu mbali, unga umemkaa hadi kwenye kope. Nikamwamkia, maana ananizidi kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mmeleta mahindi?"

"Tumeleta bajaji."

Alifikiri nimemkosea heshima. Tulipomweleza akacheka, akakubali tuchomeke, kwa sharti kwamba wenye mahindi wamalize kwanza, kwa sababu mashine na bajaji kwa pamoja vitamkatia umeme. Foleni ilikuwa ndefu. Tukangoja. Alipomaliza mtu wa mwisho, Tito akachomeka, taa ya kijani ikawaka, tukashukuru, na umeme wa kijiji kizima ukakatika.

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Tito. Bi Zuhura alituletea ugali wa unga ule ule uliotoka kusagwa, wa moto, pamoja na mlenda na dagaa, akatuambia tule kwanza, umeme una ratiba yake. Niseme ukweli, kwa ugali ule ningeweza kungoja hadi kesho. Lakini basi la mama mkubwa lilikuwa njiani, na mimi mawazo yalikuwa yananienda mbio. Nilimwona ameshuka Mikumi na mizigo yake, hamwoni mtu, anajiambia kwamba hata hapa hatakiwi.

Bi Zuhura akaniona uso umenibadilika. Akaingia ndani, akatoka na kijenereta kidogo cha petroli anachotumia kwa taa za duka.

"Kitasaidia?"

Tito alikiangalia kile kidude kana kwamba amepewa nguruwe. Akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Chomeka, baba."

Kikavutwa kamba, kikakohoa, kikatoa wingu jeusi lililotufukuza sote barazani. Na humo ndani ya moshi, bajaji isiyochafua mazingira ikakaa inakula taratibu. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Tito akaniomba nisimwambie mtu. Basi, nimewaambia.

MIKUMI

Tulifika Mikumi jua limeshalegea, na kumbe tungeweza kutembea kwa miguu, kwa sababu basi la kutoka Ifakara lilikuwa limeharibika njiani. Tukakaa kwa mama lishe mmoja kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya kwenda Zambia na Kongo hupumzika. Hapo Mikumi hakuna mtu mwenye haraka isipokuwa malori. Nilikunywa chai ya rangi, nikala chapati, nikanywa nyingine.

Dereva mmoja wa lori aliyekaa meza yetu, mtu wa makamo, mpole, alimsikiliza Tito akiisifu bajaji yake. Alimwacha amalize kila kitu.

"Mimi siipingi," akasema mwishoni. "Ila mimi ndiye nabeba hayo madini ya betri zenu. Nayachukua Kongo nayapeleka bandarini kwa lori la dizeli, njia nzima hiyo. Ukiniona kwenye mlima wa Kitonga na moshi wangu, ujue nakuletea usafi."

Tito akainamia chai yake. Nilifurahi kidogo na nikamhurumia kidogo.

Basi liliingia watu wakiwa wameshaanza kukata tamaa. Mama mkubwa alishuka wa mwisho, mkono mmoja ameshika kuku. Amekuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwendea nikapiga goti pale pale kwenye vumbi la stendi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mtoto wangu. Inuka, utachafua kitenge." Akanishika kidevu akanigeuza huku na huku. "Umenenepa. Afadhali."

Nililia, na sioni haya kuliandika hilo.

Kondakta akashusha mchele wa Ifakara, mkungu wa ndizi, na kitu kimoja kizito kilichofungwa kwenye gunia ambacho kilihitaji watu wawili. Lilikuwa jiwe la kusagia la bibi yangu. Nyumba mpya ya mama mkubwa ina mashine ya kusaga karibu, akasema, lakini jiwe hangeweza kuliacha kwenye shimo la machimbo.

Tito naye akaamkia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu! Ndiyo umekuwa hivi? Na huyo mwanamke uliyemwoa bila kuniomba ruhusa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani anakuogopa."

"Anafanya vizuri."

Ndivyo walivyo bibi na mjukuu, nyie mnajua, na mama mkubwa kwa utani hana mpinzani. Aliizunguka bajaji, akakaa ndani, akaomba ipelekwe hadi mwisho wa stendi na kurudi.

"Haina kelele," akasema. "Mume wangu umechagua vizuri. Inakula nini?"

Tito aliniangalia. "Umeme, bibi."

"Umeme tu?"

"Umeme tu."

Tulilala nyumba ya wageni, bajaji imechomekwa kwenye waya uliopita dirishani. Nilisali nikashukuru mapema mno.

MIKUMI KURUDI

Asubuhi akatokea jamaa mmoja muuza mitumba, anakwenda na furushi lake kuuza Chanzuru, karibu na Kilosa, akaomba lifti. Tulikuwa tumeshajaza, lakini mama mkubwa akasema mtu haachwi barabarani wakati kuna nafasi ya kumbana. Akabanwa pembeni ya Tito mbele, furushi juu ya paa. Kama ningejua ningelipakia furushi nimwache yeye.

Alikuwa mtu mchangamfu, hilo simnyimi. Alituuliza tunatoka wapi, tunakwenda wapi. Mama mkubwa akamwambia anatoka upande wa Mahenge.

"Mahenge!" Akageuka mzima mzima, anang'aa. "Kwenye kinywe! Bibi, nyie ni matajiri sasa. Nimesoma kwenye simu. Betri za magari ya umeme dunia nzima zinahitaji kinywe, na cha kwenu ni kizuri sana. Hata hii tuliyopanda, hapo chini ulipokalia ni betri. Umekalia kinywe, bibi!"

Nilimfinya Tito mgongoni, kana kwamba ndiye aliyesema. Kwenye bajaji ya umeme hakuna injini ya kufunika maneno.

"Tito," mama mkubwa akasema. "Simamisha."

Hakusema mume wangu. Alisema Tito. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimempoteza.

KWA MIGUU

Alishuka, akajifunga mtandio vizuri, akamchukua kuku wake, akaanza kutembea kuelekea Kilosa. Magoti yale yale. Nikashuka nikamfuata. Nyuma yetu Tito anakuja na bajaji taratibu kwa mwendo wa miguu yetu, na muuza mitumba anauliza kwa sauti ndogo, "Kwani nimesema nini?"

"Mama mkubwa, panda. Ni mbali."

"Sitakalia kilima cha mama yangu."

Tukatembea. Pande zote ni vichaka na nyasi ndefu, jua linapanda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa ungesikia, ungerudi. Nataka ukae na mimi. Sina mtu mwingine."

Alihamisha kuku kwenye mkono wa pili, na nilipotaka kumpokea akakataa.

Tito akatusogelea. "Bibi, betri hii imetoka China. Huenda hata si kinywe cha kwenu. Cha kwenu hakijafika humu."

"Huko China hakuna bibi?"

"Wapo."

"Basi kuna mmoja kahamishwa."

Kisha Tito, maskini, akatoa silaha yake ya mwisho.

"Lakini haina moshi, bibi."

Mama mkubwa akasimama akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Moshi haujawahi kunihamisha mimi."

Jamani, mnaokuja kubishana kibandani kwangu kuhusu haya mavyombo, mara yanafaa, mara hayafai, mimi nilikuwepo liliposemwa neno hilo na sikuona wa kulijibu. Nilidhani na Tito atanyamaza. Badala yake alisimamisha bajaji, akashuka, akamwachia muuza mitumba ailinde, akaja kutembea upande wa pili wa bibi yake.

"Bibi, nina mtoto. Anaitwa Neema. Hujamwona."

"Nimesikia."

"Ana pumu. Ile bajaji yangu ya kwanza ilikuwa ya mafuta, kuukuu, inalala uani chini ya dirisha lake. Kila asubuhi nikiiwasha, ule moshi unaingia ndani, naye anaanza kukohoa. Nilikuwa naisukuma hadi barabarani, lakini uani kwetu kuna kilima na kuna siku nilikuwa nimechoka, nawashia hapo hapo. Nasikia anakohoa, na mimi naondoka. Nilikuwa namkohoza mwanangu ili nikamtafutie chakula." Akapiga teke kokoto la barabarani. "Ndiyo maana nilihangaika kuipata hii. Sikufikiria kilima cha mtu. Nilifikiria dirisha lile."

Mimi ni mama yake na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo. Kwangu alikuwa anasema mazingira, mazingira, kama mtu wa redioni.

"Na sasa?" mama mkubwa akauliza.

"Sasa anakimbia."

"Nani kasema?"

"Nimemwona mwenyewe."

"Wewe ni baba yake. Utaona unachotaka kukiona."

Akaendelea kutembea, lakini mwendo ulikuwa umepungua. Alipofika kwenye kalavati akakaa. Tito akarudi kuileta bajaji, nikachukua ndizi kwenye mkungu, tukala sote, pamoja na muuza mitumba ambaye aliletewa zake na hakuthubutu kusema neno zaidi ya asante. Mama mkubwa alimega kipande akampa kuku. Alikaa pale hadi nikafikiri tutalala.

"Mume wangu," akasema hatimaye, "miguu hii ni ya zamani. Nitapanda nikamwone huyo mtoto. Nikikuta mmenidanganya tena, mnirudishe Mikumi kwenye basi. Na msinipeleke na hii, mnikodie ya dizeli."

ULAYA TENA

Mizigo, jiwe, watu wanne na kuku: chaji ilituishia juu kidogo ya Ulaya, na safari hii ilituishia kweli. Bajaji ikashuka mteremko wa upande wa Mikumi kwa kuachiwa tu, ikafika chini, ikasimama. Vijana wa kijiwe walituona tangu tuko juu. Hawakuinuka.

"Tusaidieni!" Tito akapiga kelele.

"Leo hatudanganyiki!" wakajibu, wanacheka. "Ndivyo ilivyo hiyo!"

Ilibidi mimi na muuza mitumba tushuke tusukume wenyewe, mama mkubwa akiwa amekaa ndani anatoa maelekezo. Walipoona jasho langu ndipo walipoamini, wakaja mbio, wakaomba radhi, na soda wakanunua wao.

Fundi akatuchomekea kwake. Wakati tunangoja akamwuliza Tito swali alilokuwa amelifikiria tangu jana. "Pikipiki ikifa mimi naichinja, kila kipande kina kazi. Hiyo betri ikifa, utaipeleka wapi?"

Tito akakiri hajui. Waliomuuzia walimwambia tu kwamba itaishi miaka mingi.

"Wairudishe kwenye shimo walikoitoa," mama mkubwa akasema kutoka kwenye benchi. "Shimo wameshalichimba, halihitaji gharama."

Vijana walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Baadaye Tito alimuahidi kwamba haitatupwa mto Mkondoa wala jalalani, hata kama itabidi alale nayo ndani. Mama mkubwa alimwambia mke wake ndiye aulizwe hilo kwanza.

NYUMBANI

Tulimwacha muuza mitumba mjini atafute usafiri wa Chanzuru. Alimwamkia mama mkubwa upya wakati wa kuagana, kwa heshima zote, akampa mtandio kutoka kwenye furushi lake. Aliupokea.

Uani kwetu mkwe wangu alikuwa amefagia hadi ardhi inang'aa. Akapiga goti, akaamkia, akachukua kuku. Neema akaja nyuma yake, kidole mdomoni.

"Shikamoo bibi mkubwa."

"Marahaba." Mama mkubwa hakushuka. Alikaa pale pale ndani ya bajaji, miguu nje, mizigo yote ikiwa bado juu. Mimi nilisimama na mikono yangu, sijui niiweke wapi. "Wewe ndiye Neema? Unauona ule mchongoma kule mwisho? Kimbia uuguse, urudi."

Neema alimwangalia baba yake, kisha akakimbia. Nilitamani kumwambia aende polepole. Akaugusa, akarudi, akasimama mbele ya bibi yake anahema. Mama mkubwa akamgeuza, akaweka kiganja mgongoni mwake, akainamisha sikio.

"Tena."

Akaenda tena. Hapa niwe mkweli kwenu, kwa sababu najua mtaniuliza: siwezi kuapa kwamba ni bajaji. Mwaka ule ule tulilihamisha jiko la mkaa nje, na mtoto naye anakua. Tito anasema ni bajaji. Mimi nilichokuwa nakiomba wakati ule ni asikohoe tu, kwa sababu yoyote ile.

Alirudi. Kiganja mgongoni, sikio karibu. Mkwe wangu, asiyejua tunangoja nini, alikuwa bado amemshika kuku.

"Tena. Upesi zaidi."

Safari hii Neema aliona ni mchezo. Aliondoka anacheka, akaugusa mchongoma, akazunguka mti wa mpapai bila kuambiwa, akarudi na kujirusha mapajani kwa bibi yake, anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka, na hakukuwa na ule mluzi wa pumu ndani yake. Niliusikiliza. Haukuwepo.

Mama mkubwa alimshikilia pale, mkono juu ya ule mgongo mdogo, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Basi kilima hakikwenda bure chote," akasema.

Akamwangalia Tito, akaniangalia mimi.

"Mnasubiri nini? Shusheni mizigo."